Kichekesho Kikiomba Ukurasa

Machi 2010 kundi la muziki la Nairobi, Just A Band, lilitoa video ya wimbo wao Ha-He. Mhusika mkuu ni mbabe mwenye nywele za afro na mavazi ya filamu za ngumi za miaka ya 1970. Anawatandika wahuni mmoja baada ya mwingine, na jina lake ni Makmende. Ndani ya siku chache Wakenya walikuwa wamemfanya mali ya umma. Walimtungia sifa za chumvi kama zile Wamarekani walizomtungia Chuck Norris, wakampachika kwenye majalada ya magazeti ya kubuni, wakamtaja Twitter na Facebook kutwa kucha. CNN na Wall Street Journal wakaandika habari zake. Kama ilivyo ada, mtu akaingia Wikipedia ya Kiingereza akamfungulia ukurasa.

Ukurasa ukafutwa. Ukafunguliwa upya, ukafutwa tena. Mtafiti wa Marekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifuatilia kwa muda mrefu namna habari za Afrika zinavyosafiri mtandaoni, alilijadili jambo hilo mwezi uleule. Waliofuta siwalaumu sana. Mtu aliyekaa mbali na Nairobi, mwenye foleni ya kurasa mpya mbele yake, nyingi zikiwa utani wa wanafunzi, angejuaje kwamba huyu mbabe ameitikisa nchi nzima? Lakini kutojua si hoja ya kufuta, na hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapoanzia.

Ufundi huo nimeuona ukifanyika kwa utulivu mkubwa ndani ya steshenari moja ya Kimara Korogwe, Dar es Salaam, kati ya mashine ya kutolea kopi na kabati la bahasha. Mwenye duka ni dada mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa mhariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003. Hataki jina lake litajwe. Halipwi kwa kazi hiyo. Anaifanya wateja wanapopungua, na usiku, bando linapokuwa la bei nafuu. Wahariri wenzake ni wachache wakilinganishwa na wale wa Kiingereza, na ukurasa ukiwekewa alama ya kufutwa, hoja yaweza kukaa siku nyingi bila mtu wa pili kuichangia. Kwa hiyo uamuzi wake una uzito. Akikosea, huenda hakuna wa kumsahihisha kwa mwaka mzima.

Siku niliyokaa naye kwa makusudi ya kumtazama, mezani alikuwa na swali hilohilo la Makmende. Kijana mmoja alikuwa amependekeza aandikiwe makala ya Kiswahili, na rasimu yake ilianza kwa kumtangaza Makmende kuwa mbabe asiyeshindwa Afrika nzima. Dada hakucheka wala hakukasirika. Alifungua daftari, akagawa ukurasa kwa mistari mitatu, akaanza kuandika vyanzo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Jambo linastahili makala likiwa limezungumzwa kwa kina, katika vyanzo vya kuaminika, visivyo na uhusiano na jambo lenyewe. Kila mtu anaweza kuikariri. Kuitumia ndiko kunakotaka mkono uliozoea, kwa sababu maneno kama kina, kuaminika na uhusiano hayapimwi kwa rula.

Alianza na uhusiano. Chochote kilichotoka kwa Just A Band wenyewe, iwe video, maelezo ya albamu au mahojiano waliyojisimulia, alikiweka mstari wa kwanza. Vitu hivyo vina kazi yake. Vitasaidia kujua nani alicheza wapi na lini, ila haviwezi kuthibitisha kwamba dunia imemjali Makmende. Mtu hajitolei ushahidi wa umaarufu wake mwenyewe. Mstari wa pili ulikuwa wa taarifa zinazofanana. Hapa alinionyesha kitu ambacho msomaji wa kawaida hukipita: habari tano kutoka tovuti tano, zote zikiwa na sentensi ileile ya tatu, kosa lilelile la tahajia, na nukuu ileile iliyokatwa mahali palepale. Akachora mabano, akaandika moja. Tano hizo zilikuwa sauti moja iliyorudiwa.

Mstari wa tatu ndio uliobaki na vyanzo vya kweli, na kwa Makmende vilikuwepo. Waandishi waliokwenda kuwauliza watu, waliotaka kuelewa kwa nini kichekesho hiki kiliwaka Kenya na si pengine, walioeleza kwamba jina lenyewe ni la zamani kuliko video. Maana Makmende hakuzaliwa 2010. Watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walilitumia jina hilo kumkejeli mwenzao anayejitia ushujaa, na inasimuliwa kwamba lilitokana na maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya 1983, yakasikika kitoto, yakageuka jina la mtu. Just A Band walichukua kumbukumbu ya rika lao wakaivalisha suruali ya bwanga.

Hapo dada akasimama kwa muda mrefu. Ushahidi wa matumizi ya miaka ya 1990 ulikuwa wapi? Hakukuwa na gazeti la 1994 mkononi mwake lililoandika neno hilo. Kilichokuwepo ni watu wazima wa 2010 wakikumbuka utoto wao. Mhariri mwenye haraka angeandika kwamba jina lilianza miaka ya 1990, nukta. Mwenye hofu angelifuta jambo zima. Yeye akaandika kwamba kwa mujibu wa taarifa za 2010 jina hilo lilikuwa likitumiwa na watoto wa Nairobi katika miaka ya 1990. Maneno machache tu ya kuongezea, na sentensi ikawa inasema ukweli wote bila kuchukua hata tone lisilo lake. Mimi naandika kwa riziki, na sijui waandishi wengi wanaoweza kuwa waangalifu kiasi hicho kwa jambo ambalo hakuna atakayewashtaki nalo.

Kisha akachunguza umri wa vyanzo. Huu ndio mtihani unaoangusha meme nyingi. Kitu kinaweza kutrendi Jumatatu, kikaandikwa na magazeti kumi Jumanne, na Ijumaa kikawa kimezikwa. Magazeti kumi ya siku moja ni tukio moja. Anachotafuta yeye ni mtu aliyeandika baada ya kelele kuisha, mwaka mmoja au mitano baadaye, akirudi kwenye jambo hilo kwa sababu analihitaji kueleza kitu kingine. Makmende anapita hapo. Anayeeleza jinsi Wakenya walivyojifunza kucheka pamoja mtandaoni humrudia yeye. Na waliomtengeneza hawakuishia hapo: Jim Chuchu na Mbithi Masya, wote wa Just A Band, waliingia katika filamu, Chuchu akiwa na Stories of Our Lives ya 2014 na Masya akiongoza Kati Kati ya 2016. Mwandishi anayewaeleza wasanii hao kwa kirefu hawezi kumruka mbabe wa Ha-He.

Uamuzi ukawa ndiyo, na rasimu ya kijana ikaandikwa upya kuanzia sentensi ya kwanza. Nainakili kama alivyoiacha: „Makmende ni mhusika wa kubuni katika video ya wimbo Ha-He wa kundi la Just A Band kutoka Kenya, iliyotolewa Machi 2010.‟ Ubabe wote umeondoka. Lakini angalia kilichobaki: aina ya kitu, mahali kilipo, wenyewe, nchi, tarehe. Msomaji wa Sumbawanga au wa Muscat ambaye hajawahi kulisikia jina hilo ameshika jambo zima kwa pumzi moja. Vichekesho vyenyewe vimepewa aya yao chini, vikielezwa aina yake badala ya kumwagwa mia moja. Kijana alinung'unika kidogo.

„Dada, umeiondolea utamu.‟

„Utamu uko kwenye video, mdogo wangu. Sisi tunamwelekeza mtu ilipo.‟

Mteja akaingia kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akahudumiwa, akaondoka. Dada akarudi kwenye kiti.

Kesi ya Makmende ni nyepesi, alisema. Ngumu ni ile ambayo kila mtu anaikumbuka. Akafungua nyingine, ya kwetu: #WhatWouldMagufuliDo, yaani Magufuli angefanya nini.

Wanaokumbuka Novemba 2015 hawahitaji kuelezwa. John Magufuli aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 5 ya mwezi huo, na ndani ya wiki chache alikuwa amebana safari za nje za viongozi, amepunguza gharama za hafla ya wabunge ili fedha zikanunue vitanda vya hospitali ya Muhimbili, na amefuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, siku ikawa ya kufanya usafi huku fedha zikielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mtandao ukajibu kwa utani. Mtu anasema alitaka kununua kitu cha gharama, akajiuliza Magufuli angefanya nini, kisha anaweka picha ya mbadala wa bure uliobuniwa nyumbani. Hashtegi ikavuka mpaka. Wakenya waliitumia, Waafrika Kusini waliitumia, na vyombo vikubwa vya habari vya Ulaya na Marekani vikaiandikia habari.

Kwa Kimara hili si jambo la mbali. Jina la Magufuli hapa limeshikana na barabara ya Morogoro, na bomoabomoa ya 2017 kupisha upanuzi kati ya Kimara na Kibaha, na njia nane zilizofuata. Wapo wanaomkumbuka kwa shukrani na wapo wanaomkumbuka kwa ukuta wa nyumba uliowekewa alama ya X nyekundu, na mara nyingine ni mtu mmoja mwenye kumbukumbu zote mbili. Dada anaishi katikati ya watu hao. Niliona wazi kwamba ana maoni yake, na niliona pia kwamba katika daftari lake la mistari mitatu maoni hayo hayakupata nafasi. Sifa hii naiweka juu kuliko zote. Meme ya kisiasa humshawishi mhariri aihifadhi kwa sababu anampenda mhusika, au aifute kwa sababu hampendi, na vyote viwili huvaa vazi la kanuni vizuri sana.

Vyanzo vilikuwa vingi, vikubwa, huru. Kwa hesabu ya haraka, makala inastahili. Ila yeye alizisoma habari zile moja moja, mpaka mwisho, akiuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: habari hii inamzungumzia nani hasa? Karibu zote zilianza na utani, zikatumia aya mbili za picha za kuchekesha, kisha zikaingia kwenye habari yenyewe, ambayo ni Rais mpya na hatua zake. Hashtegi ilikuwa mlango tu. Ukiiondoa kwa Magufuli inabaki haina cha kusimamia, wakati Makmende ukimwondoa kwenye wimbo bado ana jina la mtaani, ana watoto wa miaka ya 1990, ana sifa alizotungiwa na taifa.

Wengi hudhani majibu ni mawili, kuweka au kufuta. Mhariri mzuri ana majibu mengi kuliko hayo. Jambo linaweza kuwa kifungu ndani ya makala kubwa zaidi, na jina lake likabaki kama njia ya kumpeleka msomaji kwenye kifungu hicho. Linaweza kubaki mbegu, makala fupi inayokiri ufupi wake na kusubiri mtu wa kuiendeleza. Linaweza kuunganishwa na ndugu zake chini ya makala moja kuhusu utani wa mtandaoni Afrika Mashariki. Alilolipendekeza kwa hashtegi hiyo ni kifungu ndani ya makala ya John Magufuli, chenye tarehe, chanzo cha utani huo na namna ulivyosambaa nje ya nchi, na jina la hashtegi likimwelekeza msomaji pale. Hakuna kilichopotea. Kitu kimewekwa kwenye rafu inayokifaa.

Kwa jambo la mtu binafsi anakuwa mkali zaidi. Tulimgusia Githeri Man, yule mpiga kura wa Kenya aliyepigwa picha tarehe 8 Agosti 2017 akiwa kwenye foleni, akila githeri, yaani makande, kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Picha yake ilipachikwa kila mahali duniani, na kabla mwaka haujaisha Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Vyanzo ni tele. Lakini yule ni binadamu aliyekuwa na njaa kwenye foleni, hakugombea umaarufu, na muda si mrefu maisha yake binafsi yalikuwa yakiandikwa magazetini. Dada angemweka ndani ya makala ya uchaguzi wa 2017, kwa sentensi mbili tatu kuhusu picha na nishani, akaacha mengine yote. Kanuni inamruhusu: mtu aliyejulikana kwa tukio moja huelezwa ndani ya tukio hilo. Ila nadhani angefanya hivyo hata bila kanuni.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi anavyoyashughulikia yale anayoelekea kuyakataa. Jambo lenye vyanzo tele halimchukui muda. Lile lisilo na chanzo ndilo analolihangaikia usiku kucha, akijaribu tahajia tofauti za jina, akitafuta kwa Kiswahili, Kiingereza na Sheng, akiingiza anwani zilizokufa kwenye hazina ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikinakili kurasa za wavuti tangu 1996, kuona kama kuna nakala iliyosalia. Hajawahi kuandika kwamba chanzo hakuna. Huandika kwamba hajakiona, na hutaja alipotafuta, ili atakayekuja baada yake aanzie mahali pengine.

Uangalifu huo una sababu yake hapa kwetu. Utani wa Kitanzania ulipita kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye vipindi vya redio ambavyo havikuhifadhiwa, kwenye tovuti zilizozimika. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye leseni na ada, waandishi kadhaa wa kujitegemea walifunga kurasa zao, na hata JamiiForums, iliyokuwepo tangu 2006, ilisimama kwa muda mwezi Juni. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, kwa hiyo mtu wa Kimara aliyetaka kuiona hashtegi ya 2015 pale ilipozaliwa aligonga ukuta. Jambo likikosa ushahidi katika mazingira haya, pengine ushahidi ulikuwepo ukachukuliwa na maji. Kanga ilikuwa na bahati kuliko meme. Msemo wake umechapwa kwenye kitambaa, na Mombasa wenye chapa ya Mali ya Abdulla wamekuwa katika biashara hiyo tangu 1887, kwa hiyo anayetaka kujua bibi zetu walitupiana vijembe gani ana sanduku la kufungua. Nani ana sanduku la vijembe vya 2009?

Wapo wanaosema kanuni zenyewe ndizo mbovu, kwamba zimekatwa kwa vipimo vya nchi zenye magazeti mengi. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India alitengeneza filamu iitwayo People Are Knowledge kuonyesha kwamba maarifa yaliyomo vinywani mwa watu yanaweza kurekodiwa na kutumika kama chanzo. Dada ameiona na anaiheshimu. Hata hivyo anauliza nani atakayeulizwa, nani atakayemsikiliza mwingine kuhakiki, na rekodi itakaa wapi. Mimi naegemea upande wa filamu kuliko yeye. Lugha inayosubiri gazeti liandike ndipo ijikumbuke itasahau mengi. Lakini nikimtazama anavyofanya kazi naelewa kwa nini anasita: ameona watu wakijitungia historia wakiwa wameketi hapo kwenye benchi la steshenari, na waliapa kwamba ni kweli.

Upande wa pili wa tatizo hili la vyanzo uko kwa Kili Paul. Kijana huyu wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani alisifika kwa kuigiza nyimbo za Kihindi TikTok, akatunukiwa na Ubalozi wa India hapa Dar es Salaam Februari 2022, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Ukurasa wake hauna shida ya vyanzo, ila vingi ni vya Wahindi. Mhariri wa Kiswahili anajikuta akimweleza jirani yake kwa macho ya Delhi, na dada huongeza kazi ya kutafuta gazeti la nyumbani hata pale kanuni isipomlazimisha.

Kuna utani mmoja wa abiria wa Kimara Mwisho kuhusu kugombania mwendokasi asubuhi. Sitausimulia, ni mrefu na unahitaji sauti. Yeye huucheka mpaka machozi. Nilimuuliza kama ungeweza kupata japo mbegu. Akatikisa kichwa bila kufikiri: haujaandikwa popote, na watu wawili wakiusimulia hausimuliwi sawa. Akaniambia mimi ni mwandishi wa magazeti, basi kama nauthamini niende kituoni, niwahoji abiria, niandike makala yenye majina na tarehe, ichapishwe mahali panapoeleweka. „Kaka, mimi siwezi kuwa chanzo. Wewe unaweza.‟

Kuhusu hashtegi ya 2015 uamuzi wake bado uko wazi kwenye ukurasa wa majadiliano, na chini yake ameandika kitakachoweza kuubadilisha: taarifa mbili za kina, za waandishi tofauti, zinazouzungumzia utani wenyewe na watu walioutunga badala ya Rais peke yake. Siku yoyote wiki hii akipata wa kumshikia duka atapanda basi la mwendokasi hadi kituo cha DIT, atembee mpaka Maktaba Kuu ya Taifa, aombe magazeti ya Kiswahili ya Novemba na Desemba 2015, ya karatasi, na aanze na kurasa za katuni na barua za wasomaji, kwa sababu huko, anasema, ndiko wahariri wa magazeti walikokuwa wakiweka vicheko vya watu.